Saa Tano na Dakika Arobaini

Kambi ya kinu cha pamba, 6 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na baba, na goti lako limetulia. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini nani asikonde akivaa kofia ya chuma kutwa nzima?

Nisamehe kwa kuchelewa. Simu huku hazishiki, mnara ulilipuliwa kabla hatujafika, kwa hiyo tunategemea helikopta ya chakula, inayoleta barua kila baada ya wiki mbili. Kikosi chetu cha kulinda amani kimekaa ndani ya kinu cha pamba kilichofungwa zamani. Upande mmoja wa vita uko mlima wa kulia, upande mwingine mlima wa kushoto, na sisi bondeni katikati, tunahesabu milio na kuandika ripoti. Walikuwa wametia saini kusimamisha mapigano. Wiki iliyopita saini hizo zikasahaulika, na watu wa mji wa jirani wakaja na vyombo vichwani wakakaa nje ya ua wetu wa seng'enge. Mkuu wa kikosi aliwatazama siku mbili. Ya tatu akaamuru lango lifunguliwe. Wako mia sita na kitu, wanalala kwenye ghala la pamba.

Sasa nisikilize, na usicheke. Kati yao nimehesabu wajawazito kumi na mmoja, na tabibu hapa ni mimi peke yangu. Daktari yuko makao makuu, na barabara imetegwa mabomu. Mimi nimefundishwa risasi na mifupa. Somo la uzazi lilikuwa la saa mbili tu, baada ya chakula cha mchana, na nilisinzia. Kuna mmoja, fundi cherehani, alikuja na cherehani yake kichwani na mimba ya miezi mitano. Akaniuliza, "Umeshazalisha wangapi?" Nikamwambia bado. Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia, akasema, "Haya, tutajifunza wote."

Mama, nifundishe. Andika kila kitu kama unavyowaandikia wanafunzi wako. Kurudi kwangu ni Julai, ahadi iko palepale.

Barua zote hapa husomwa kwanza na sajini mmoja mtu mzima, tunamwita Sajini wa Barua. Usimjali.

Mwanao

*

Nyumbani, 23 Februari

Marahaba mwanangu,

Sisi hatujambo. Goti linalalamika likipanda ngazi, kwa hiyo sipandi ngazi. Baba yako anakusalimu. Nilipomsomea habari ya kusinzia darasani alisema umerithi kwangu, kisha akasikia neno uzazi akachukua redio yake akaenda kukaa nje.

Nililia kidogo kwa furaha ya kuona mwandiko wako. Halafu nikacheka ingawa ulinikataza.

Sajini, kama unasoma hapa, hujambo baba? Naomba uruke mpaka nilipochora nyota. Haya ni mambo ya wanawake.

Nimezalisha miaka thelathini na mmoja, na kazi kubwa niliyoifanya ni kutulia. Ninyi wa risasi mmezoea kukimbia. Huku hakuna kukimbia. Tafuta ndoo, ipindue, ikalie. Mwache mama atembee, achuchumae, ashike ukuta, atukane, hata akikutukana wewe. Chemsha kila kinachoweza kuchemshwa. Nawa mpaka kwenye viwiko. Mtoto akianza kutoka usimvute, yeye mwenyewe anaijua njia. Wewe weka mikono tu, kama anayepokea sahani ya moto. Mkaushe, mlaze kifuani kwa mama yake, na kitovu usikikate mpaka kiache kupiga kama mshipa. Kisha subiri kondo la nyuma kwa adabu. Damu ikizidi, sugua tumbo kwa nguvu na mtoto anyonye. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

*

Na tafuta daftari. Andika saa aliyozaliwa mtoto kabla hujakunywa hata maji. Usikisie, usizungushe. Saa hiyo ndiyo mali yake ya kwanza duniani na haina shahidi mwingine ila wewe. Usiibadilishe kwa ajili ya mtu yeyote.

Mama yako, mkunga mstaafu ambaye bado anagongewa mlango

*

Kambi ya kinu cha pamba, 14 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini wote hamjambo. Mimi mzima, na tangu Jumanne iliyopita mimi ni mkunga.

Barua yako ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo nilianza vibaya. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo alishikwa na uchungu asubuhi. Nikafanya nilivyofundishwa: nikamlaza kwenye machela, nikamfunga mikanda mitatu, kifuani, kiunoni na miguuni, nikamning'inizia kadi nyekundu shingoni. Kadi nyekundu kwetu ni majeruhi wa haraka. Nilijiona hodari. Fundi cherehani akaingia, akashika kichwa. "Mfungue! Amemwibia nani?" Kumbe wanawake nje walidhani nimemkamata. Tukamfungua, na mwalimu akatembea huku na huku mle ghalani kwa saa tisa, na kadi yake nyekundu shingoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuivua.

Mtoto wa kiume. Mama, alivyotoka nilisahau majina ya dawa zote ninazozijua. Nililia mbele ya raia.

Kesho yake barua yako ikaja. Sajini wa Barua aliniletea mwenyewe, imefunguliwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kitovu huchukua dakika ngapi kuacha kupiga. Hakuruka hata mstari mmoja.

Kuna jambo nataka kulisema. Unakumbuka nilipovunjika mkono? Nilikuwa na miaka tisa, jirani akaja kukuita, ukawa kwenye uzazi, ukarudi jua limezama. Baba alinipeleka hospitali, lakini nilikuwa nakutaka wewe. Sijawahi kukwambia, ila nimekuwa na kinyongo hicho mpaka juzi. Nilipokaa na mwalimu zile saa tisa nikaelewa. Mtu hawezi kuinuka pale akaondoka. Nisamehe kwa kinyongo changu.

Mwanao

*

Nyumbani, 30 Machi

Marahaba mwanangu,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Habari za mikanda nimezicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeshinda kitu. Nimewasimulia wakunga wenzangu wa zamani, wawili waliobaki, na wote wanakusalimu na wanataka ile kadi nyekundu.

Kulia ni sawa. Siku utakayoacha kulia, omba uhamisho.

Uliyoandika kuhusu mkono nimeyasoma. Tutaongea ukija.

Baba yako amepaka rangi chumba chako. Rangi aliyoichagua naomba usiizungumzie ukifika, alizunguka maduka manne na anaipenda sana. Amebandika kalenda jikoni, kila asubuhi anakata siku moja kabla ya chai. Anadhani sioni.

Sajini, hujambo? Kitovu hakina dakika maalumu. Unakishika, unasikiliza.

Mama yako

*

Kambi ya kinu cha pamba, 20 Aprili

Shikamoo mama,

Naandika haraka, helikopta haizimi injini siku hizi. Nipo mzima. Watoto sasa ni sita, wote hai, na mama zao wote hai. Daftari limejaa kurasa tatu. Wananiita Mkunga wa Mabuti, na aliyeanzisha jina hilo unamjua. Yeye mwenyewe bado, tumbo limefika kwenye gurudumu la cherehani lakini hataki kuacha kushona. Anashona nguo za watoto kwa magunia ya unga.

Milio imesogea. Upande wa mlima wa kulia umeshuka mpaka kwenye daraja, na wanaowatafuta ni hawa watu wa ghalani. Sisi tuko arobaini tu. Wanachoogopa ni bendera yetu, basi.

Usipopata barua usiumize kichwa, maana yake helikopta imekataa kushuka. Julai sijaisahau. Mwambie baba naipenda rangi hiyo hata kabla sijaiona.

Mwanao

*

Nyumbani, 12 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Wiki tatu sijaona mwandiko wako, lakini ulisema nisiumize kichwa, kwa hiyo naumiza moyo tu.

Fundi wako anakaribia. Mtoto wa kwanza huwa hana haraka, na akichelewa usimkubalie mtu yeyote akuharakishe, hata awe na nyota ngapi mabegani. Ukiwa pale ndani, mkubwa ni yeye anayezaa, na wa pili ni wewe.

Nakuandikia hivi kwa sababu sijui niandike nini kingine.

Mama yako

*

Nyumbani, 2 Juni

Mwanangu,

Redio ilisema vikosi vya kulinda amani vimeamriwa kuondoka bondeni. Haikusema kama mmeondoka. Baba yako ameizima, ameiwasha, ameizima. Leo hakukata siku kwenye kalenda, na mimi sikuweza kumuuliza.

Sajini, kama barua hii imekufikia wewe kwanza, tafadhali, niandikie hata neno moja. Mimi ni mtu mzima, naweza kulisoma.

Mama yake

*

Makao makuu, 13 Juni

Shikamoo mama,

Nipo hai. Naanza na hilo ili mkae chini. Sina hata mkwaruzo. Tangu tufike hapa tumezuiwa simu na barua, na ni barua tu zilizofunguliwa, tena juzi. Sajini anaomba radhi, barua yako ya tarehe mbili ameipata juzi akaja nayo mbio, na machozi yake yamefuta nusu ya anwani.

Tarehe ishirini na moja Mei tuliamriwa tuondoke kabla ya saa kumi jioni. Baada ya saa kumi msafara hautoki, ndiyo sheria, kwa sababu ya mabomu barabarani. Amri ilikuwa ya wanajeshi na vifaa. Raia hawakuwamo. Mkuu wa kikosi aliisoma mara tatu, akaamuru malori yapakiwe. Na asubuhi hiyohiyo fundi cherehani akashikwa na uchungu. Kuna sheria nyingine: msafara hautoki bila tabibu. Kwa hiyo arobaini wote wakawa wanamsubiri yeye.

Nilikalia ndoo yangu. Nje injini zinanguruma, kila nusu saa mtu anagonga bati, "Tabibu, vipi?" Sikumharakisha. Saa 5:40 asubuhi akazaliwa mtoto wa kike, mzima, ana hasira kama mama yake. Nikaandika saa kwenye daftari kabla sijanywa maji, kama ulivyonifundisha.

Kisha nikatoka kwenda kumwambia mkuu kwamba tayari. Mama, nilipofika mlangoni nikawaona. Watu mia sita wamesimama kando ya malori na vifurushi vyao, hakuna anayelia, hakuna anayeomba. Walikuwa wanatuangalia tu tukipakia. Juu ya kilima upande wa daraja nikaona watu wamekaa, wanasubiri tuondoke. Mkuu akauliza, "Vipi?" Nikafungua mdomo nikasikia mwenyewe nasema, "Bado, mkuu. Mtoto amekaa vibaya."

Nikarudi ndani nikawaambia wanawake nilichofanya. Mwalimu yule wa machela akavuta pumzi akapiga ukelele ambao hata mimi ulinitia hofu. Wakapangana zamu. Mmoja akichoka anapokea mwingine, na fundi amekaa pembeni ananyonyesha, anawasahihisha: "Wewe, uchungu haulii hivyo, unaimba." Mtoto akilia, wanapandisha sauti juu yake.

Saa nane mkuu akamtuma Sajini wa Barua aingie aone. Akainua turubai lililotuziba. Akamwona mtoto, akaona kondo kwenye beseni, na yeye kwa barua zako anajua kila kitu. Akateremsha turubai, nikamsikia anapaza sauti huko nje: "Bado sana, mkuu! Hata mlango wa kizazi haujafunguka vizuri!"

Saa kumi ikapita. Injini zikazimwa. Mkuu alikaa kwenye redio ya mawasiliano, na alichowaambia makao makuu sikukisikia chote, ila nilisikia akisema yeye hatapakia tena kama hakuna malori ya watu. Kesho yake saa nne yakaja malori kumi na tisa na kikosi kingine. Wote mia sita wapo hapa sasa, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Cherehani pia.

Sasa lililobaki ndilo linalonikosesha raha. Tume inachunguza kwa nini amri ilichelewa siku nzima, na wameomba daftari langu. Tarehe nne Julai nitahojiwa. Juzi mkuu alikuja, akaliweka daftari mezani kwangu, akaweka kalamu juu yake, akatoka. Amelisoma, mama. Ile tano ikizibwa juu kidogo inakuwa tisa. Saa 9:40 ingemaliza maneno yote. Ningebaki kazini, na wanataka kunipa cheo na mwaka mwingine hapa, kwenye kambi hii ya raia, kufundisha wengine. Naitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikiiacha tano ilivyo, nimemdanganya mkuu wangu mbele ya adui, nafukuzwa.

Lakini saa ile ni ya mtoto. Nifanye nini?

Mwanao

*

Nyumbani, 25 Juni

Marahaba mwanangu, marahaba, marahaba,

Baba yako aliposikia "nipo hai" aliinuka akaenda jikoni akakata siku zote alizoziruka, kwa pamoja, mpaka karatasi ikachanika. Mimi niliendelea kukaa.

Umeniuliza swali na nina jibu lake la mkunga, tena nilishakuandikia. Lakini sina uso wa kulirudia, na lazima nikwambie kwa nini.

Siku uliyovunjika mkono, mtoto yule hakuzaliwa jioni. Alizaliwa saa nne asubuhi. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza kila kitu. Wenyewe wakanipa chakula, wakanitandikia mkeka, wakaniita malkia, na mimi nilikuwa nimechoka, na nyumbani kulikuwa na vyombo na nguo na baba yako na maswali yake. Jirani alipokuja kuniambia umeanguka, nilisema ni kuanguka tu, baba yake yupo. Nikageukia upande wa pili nikalala. Mwanangu, nililala. Niliporudi nikakuta plasta mpaka begani na ukanigeuzia uso. Nikafungua kitabu changu nikafuta saa nne, nikaandika saa kumi, ili mtu akiuliza nionekane nilikuwa kazini. Hakuna aliyeuliza. Wewe ukanyamaza, nami nikauchukulia unyamavu wako kuwa umesamehe. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa na haki, na mwezi wa tatu wewe ndiye ukaniomba mimi radhi.

Mtoto yule sasa ni mwanaume ana duka la vioo. Jumatatu nilikwenda kumwambia kwamba alizaliwa asubuhi. Alicheka sana. Akasema mkewe hatakubali, maana humsamehe uvivu wa asubuhi kwa sababu yeye ni mtu wa jioni. Nilitoka pale nimepungua kilo kumi.

Basi siwezi kukwambia usibadilishe, mimi niliyebadilisha kwa sababu ya usingizi, na wewe ungebadilisha kwa sababu ya watu mia sita. Wala siwezi kukwambia liache kama lilivyo. Ukifukuzwa utarudi, na mimi nakutaka urudi kuliko kitu chochote, kwa hiyo ushauri wangu wowote una hongo ndani yake. Amua wewe. Ukibaki mwaka mwingine nitakuandikia kila wiki mbili na sitalalamika, au nitalalamika kidogo.

Nisamehe ile siku. Siyo kwa kuwa kazini. Kwa kutokuwa kazini.

Mama yako

*

Makao makuu, 8 Julai

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo wote. Mimi mzima.

Siku ya kwanza baada ya barua yako nilikasirika mpaka sikula. Ya pili nikakasirika kwa sababu hasira ilikuwa inapungua na mimi sijaimaliza. Ya tatu nikamwonyesha fundi cherehani. Alisoma, akaikunja, akasema, "Mama yako alikuwa amechoka," akaendelea kushona. Nimekaa kwenye ndoo watoto saba tu, na wewe miaka thelathini na mmoja. Sikuwahi kukuuliza kama umechoka.

Tume walinihoji dakika ishirini. Waliniuliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Nikawaambia saa tano na dakika arobaini asubuhi, na kwamba niliyedanganya ni mimi, siyo daftari. Wameniachisha kazi. Sajini amenusurika, alisema yeye hajui chochote kuhusu uzazi, na mimi nikamuunga mkono. Daftari limebaki kwa wenye watoto. Mkuu wa kikosi alinisindikiza mpaka langoni, akanipigia saluti, na mimi sikuwa tena na kofia ya kumjibu.

Nasikitika, mama. Kazi ile niliipenda. Nikifika usinifariji haraka, niache nisikitike kidogo, kisha nipeleke kwa wale wakunga wenzako wawili waniambie raia anayetaka ukunga anaanzia wapi.

Nafika Jumamosi ijayo kwa basi la mchana. Najua siku kama hiyo ndiyo watakayokuja kukugongea mlango. Wakikuita, nenda. Ukimaliza, wakikupa chakula, kula. Wakikutandikia mkeka, lala mpaka uamke mwenyewe. Utanikuta nyumbani.

Mwanao